Mrehani wangu hufa kila Julai

Bibi Bustani anajibu barua za wanaolima roshani

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeolewa Nairobi, na huu ni mwaka wa tano tunakaa South C, ghorofa ya nne. Kila nikienda nyumbani mamangu hunipa miche ya mrehani, naja naipanda kwenye ndoo hapa roshani. Inashika vizuri, inanukia mpaka sebuleni. Ikifika Julai majani yanaingia madoa meusi, yanapukutika, na mwezi ukiisha nabaki na vijiti. Mume wangu ameona vitalu nyumba vidogo vya nailoni vya kuweka roshani, vina zipu mbele, anasema tununue. Jirani yangu anasema ni hasara tupu. Sasa hivi ninayo mirehani mitatu, mizima kabisa, na sitaki kuizika tena. Jua kwetu huingia asubuhi mpaka kama saa tano, halafu basi. Roshani ni nyembamba, upana mita moja, urefu kama mbili na nusu. Na asumini nayo, nikiileta, itakubali?
*Msomaji, South C, Nairobi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ningeweza kuiandika mimi. Nimezaliwa Mombasa, na nilipohamia Nairobi kilichonitia upweke zaidi ya baridi yenyewe ni kufika Alhamisi jioni sina hata kitawi kimoja cha mrehani. Kikuba, kile kishada cha kunukia tunachovaa wanawake wa pwani, bila mrehani ni maua tu yaliyofungwa uzi. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na wenye barua nyingine wataniwia radhi.

Kwanza ujue kinachouua mrehani wako. Mombasa, hata Julai, usiku joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 na pengine chini yake, na mchana wenyewe ni wingu na manyunyu wiki nzima. Mrehani ni mti wa joto. Ikikaribia nyuzi 10 jani huungua kwa baridi, na ndilo doa jeusi unaloliona. Lakini mara nyingi mti huwa umeshaanza kufa kabla ya hapo, kwa huruma yetu. Udongo ukipoa, mizizi hunywa polepole sana. Majani yanalegea. Wewe unaona yamelegea, unasema masikini una kiu, unauongezea maji. Ndoo inakuwa kinamasi baridi na mizizi inaoza. Juni na Julai tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevunyevu, weka kopo chini uende zako.

Sasa kitalu. Kabla ya nailoni uliza jua, kwa sababu kitalu hakitengenezi joto, kinalinasa tu lile lililoingia. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja ya latitudo, na kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Maana yake ni hii: mwenye roshani inayotazama kusini, Juni na Julai haguswi na jua hata dakika moja, na kitalu kwake kitakuwa kabati la ukungu. Jirani yako kama anatazama kusini amesema kweli yake. Wewe unapata jua la asubuhi mpaka saa tano, kwa hiyo unatazama mashariki, na mashariki hupata jua lake mwaka mzima, wingu likiruhusu. Ni saa chache, lakini zinatosha mrehani. Kwa nyanya ningekwambia subiri.

Kile cha zipu usikinunue. Nimekuwa nacho. Mabomba yake ni membamba kama mirija, viungo vya plastiki vinapasuka, na nailoni yake haikutiwa kinga ya jua, hivyo baada ya miezi michache inakuwa kama ganda la kitunguu, ukiigusa inachanika. Kubwa zaidi, hakina tundu la juu. Ukifunga zipu umefunga kila kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Mombasa siku tatu, ilikuwa Februari, nikakifunga vizuri kama mtu anayefunga nyumba. Niliporudi nilifungua zipu ikanijia harufu ya mrehani uliopikwa. Majani yote yalikuwa ya kahawia, yamelala kwenye vikombe vyake. Nikanunua kipimajoto, kesho yake nikakining'iniza ndani ya kitalu kitupu, nimekifunga. Saa tano asubuhi, jua la Nairobi ambalo wenyewe tunaliita la kawaida, kilisoma nyuzi 43. Tangu siku ile sijalala usiku hata mmoja na kitalu kisicho na pumzi.

Tengenezesha chako. Mpe fundi wa mbao vipimo hivi: urefu wa kwenda juu mita moja na nusu, upana sentimita 80, kina sentimita 40, ili kwenye roshani yako ya mita moja ubaki na njia ya kupita na kamba ya nguo. Mbao za inchi mbili kwa mbili zinatosha. Rafu ziwe za vipande vyenye nafasi katikati, sio ubao mzima, ili hewa na mwanga vishuke mpaka chini. Juu kuwe na mteremko kidogo maji yasituame. Nailoni ulizia duka la pembejeo, ile ya vitalu, ya maikroni 200, iliyotiwa kinga ya jua. Huuzwa kwa mita. Iwambe pande tatu na juu, uikandamize kwa vipapi vya mbao na misumari midogo, maana ukipiga misumari peke yake itachanika hapohapo penye tundu. Upande wa mbele usiupigilie. Acha pazia linaloviringwa kwenye fimbo, ulifunge juu kwa utepe kama pazia la dirisha. Na pale juu, mgongoni au ubavuni, acha uwazi wa kiganja kimoja kuvuka upana wote, uuzibe kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Hewa ya moto hupanda. Ikipata pa kutokea haitapika majani yako. Wadudu nao watabaki nje.

Mahali pa kukiweka: ubavuni, mgongo wake ukigusa ukuta wa nyumba. Ukuta ule hunywa jua la asubuhi na kulirudisha jioni polepole. Uzito pia ni salama zaidi ukiwa karibu na ukuta kuliko kwenye ukingo wa nje. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 30, kwa hiyo ndoo tatu nne tu na umeshaweka uzito wa watu wawili. Wewe ndoo kubwa huzihitaji, mrehani unaridhika na kopo la lita tano.

Kisha kifunge. Wewe ni mtu wa Lamu, sina haja ya kukueleza tanga ni nini. Nailoni iliyowambwa kwenye fremu ni tanga, na ghorofa ya nne kuna upepo wa kulijaza. Zungusha waya kwenye miguu miwili ya nyuma na kwenye vyuma vya roshani, juu na chini. Chini kabisa, chini ya rafu ya kwanza, panga mitungi ya lita tano iliyojaa maji, uliyoipaka rangi nyeusi. Itashikilia kitalu kisiyumbe, na mchana itakunywa joto ambalo italitoa usiku. Usitegemee miujiza. Ni nyuzi moja, labda mbili, lakini kwa mrehani, kati ya 10 na 12 ndiko kwenye uhai na mauti.

Namna ya kuishi nacho ni hii. Julai, ukiamka, utaona nailoni imejaa matone kwa ndani. Usiyaache yadondoke kwenye majani. Gonga nailoni kwa kidole yateremke pembeni, na jua likishaingia, kama saa tatu, viringa pazia nusu mpaka unyevu utoke. Majani ya mrehani yanayolala na maji hushika ukungu wa kijivu, na ukishaingia hauondoki. Mwagilia asubuhi tu, kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba, sio yale ya bomba yanayotia ganzi vidole, na uyamimine kwenye udongo bila kulowesha majani. Saa tisa au saa kumi alasiri shusha pazia, ufungie joto lililobaki. Ikifika Oktoba viringa pazia juu kabisa uliache hivyo. Januari na Februari hata mimi huing'oa nailoni ya mbele, naikunja chini ya kitanda.

Udongo: usichote ule wa nje hapo kwenu. South C ni udongo mweusi, ukilowa unanata kwenye viatu, ukikauka unapasuka, na kwenye kopo ni kaburi la mizizi. Tafuta udongo mwekundu sehemu moja, mboji iliyooza sawasawa sehemu moja, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi najua utayapata, mwambie mama akujazie gunia safari ijayo. Toboa matundu chini ya kopo, manne au matano, upana wa kidole kidogo.

Sasa la muhimu kuliko kitalu chenyewe. Umeandika Machi, baridi bado iko mbali, na mirehani yako mitatu ni mizima. Mwisho wa Aprili kata vitawi kumi, kila kimoja urefu wa kidole cha kati, chini kidogo ya kifundo cha jani, visiwe na maua. Toa majani ya chini, uvisimamishe kwenye glasi ya maji dirishani jikoni, maji uyabadilishe kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe kama nyuzi. Uvipande kwenye makopo madogo, uviingize kitaluni Mei vikiwa vichanga. Mche uliozoea mahali pake kabla ya baridi husimama vizuri kuliko mti mzee uliohamishwa ukiwa mgonjwa. Na mirehani ile mikubwa, kila ikitoa shada la maua, lichume mapema. Najua shada ndilo linukialo na ndilo tunalolitaka. Lichume basi, ulitumie. Mrehani ukiachwa ukazaa mbegu unajiona umemaliza kazi, unakuwa mti mkavu.

Asumini ilete. Inakubali Nairobi, ila ipe ndoo ya lita 20 na sehemu yenye jua kuliko zote, nje ya kitalu. Yangu Julai hukaa kimya kabisa, haitoi hata kitumba. Kisha Januari inafungua, na asubuhi ya kwanza huwa nampigia simu dadangu Mombasa kumwambia.

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya sita, baraza letu linatazama baharini. Desemba nilinunua kigrinhausi cha nailoni, nikapanda nyanya tatu kwenye madumu ya lita 20. Zilikua haraka mpaka nikajisifu kazini. Sasa zinatoa maua na yote yanadondoka, na majani yamejikunja kama sigara. Nimeongeza mbolea, hali ikawa ileile. Muuzaji mmoja wa dawa amenishauri nipulizie dawa ya wadudu, lakini wadudu siwaoni. Nina watoto wadogo wawili, naogopa.
*Baba wa watoto wawili, Upanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa usipige, na mbolea iache. Nyanya zako zinaungua kwa joto.

Huko Dar baridi ya kuikimbia hamna. Nailoni uliyoweka inaongeza joto mahali ambapo joto limeshazidi, tena miezi ya Januari na Februari, ambayo hata ua la nyanya la shambani hupata taabu. Mchana ukipita nyuzi 32 au 35, na usiku usiposhuka chini ya 24, chavua ya nyanya huharibika. Ua linafunguka vizuri, la njano, zuri la kupiga picha, halafu shingo yake inageuka njano na linakatika hapohapo kwenye kifundo. Lichunguze utaona. Majani nayo yanajikunja ili yasipoteze maji. Mbolea uliyoongeza, hasa kama ni ya kukuzia, imezidisha majani tu.

Leo jioni ivue nailoni ya pande zote. Fremu usiitupe, ina kazi. Pande ziwekee neti, ile nyeupe yenye matundu madogo ya kuzuia wadudu, maana inzi weupe na kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, hawaogopi ghorofa ya sita. Juu weka neti ya kivuli, isiwe nzito, ile inayozuia asilimia 30 ya jua inatosha. Sasa masika yanaingia, kwa hiyo juu ya neti rudisha kipande cha nailoni kiwe paa tu, chenye mteremko, pande zote zikiwa wazi kwa upepo. Hiyo ndiyo kazi ya nailoni Dar: kuzuia mvua isilale kwenye majani ya nyanya, maana majani yaliyolowa muda mrefu ndiyo yanayoshika ugonjwa wa bakajani.

Nyanya hizo tatu kama bado zina nguvu kata matawi yaliyochoka uone, lakini matumaini yako yaweke kwenye mbegu mpya. Sia katikati ya Aprili. Wiki ya nne au ya tano hamishia kwenye dumu, mche mmoja dumu moja, usione huruma ukaweka miwili. Utapata maua Juni na Julai, kipupwe, usiku ukiwa umepoa. Chagua zile ndogo za cheri, zinavumilia joto kuliko nyanya kubwa. Kwa kuwa umeweka neti nyuki hawatafika. Kila siku saa tatu au saa nne asubuhi gonga kikonyo cha maua kwa kidole mara mbili tatu, chavua iteremke. Watoto wape kazi hiyo. Wangu waliipenda kuliko katuni.

Wakati huohuo upepo wa kusi utakuwa umeshika, na kwako unatoka moja kwa moja baharini, una chumvi. Ukiona utando mweupe kwenye majani yasuuze kwa maji safi asubuhi mapema yakauke kabla ya jioni. Na fremu ifunge, nimeshamwambia mwenzako wa South C namna ya kuifunga.

Na mwakani, Desemba ikirudi, panda bamia na mchicha na pilipili kwenye madumu hayohayo. Hiyo ndiyo mimea ya joto lenu, itakushukuru.

SWALI: Bibi Bustani hujambo? Nakaa Nakuru, ghorofa ya pili. Nina kitalu kidogo cha rafu tatu, nafuga humo dania, sukuma na letisi. Vinastawi sana. Shida ni jirani wa chini. Kila nikimwagilia, maji ya udongo yanashuka kwenye nguo zake alizoanika. Juzi yalidondokea shuka nyeupe. Amemwambia keateka, yule mtunza jengo, na keateka amenipa wiki mbili nitoe kitalu chote. Nifanye nini?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Sijambo mwanangu. Jirani yako ana haki, na nasema hivi nikiwa upande wako. Anza na shuka. Nenda umuombe radhi, na ukiweza uifue wewe, udongo ule mwekundu unatoka ukiloweka kwenye maji baridi na sabuni usiku mzima. Maji ya moto yanaukaza.

Halafu ziba njia ya maji. Kila kopo liwe na kisahani chake, na kila rafu itandike trei ya plastiki yenye kingo, zile za kupangia vikombe zinafaa. Baada ya kumwagilia subiri dakika 15, mwaga kilichokusanyika kwenye ndoo na ukitumie kesho. Dania na letisi zina mizizi mifupi, hazihitaji maji mpaka yatoke chini. Ukiona yanatoka umeshapitisha. Muulize anafua siku gani, na siku hizo mwagilia jioni akishaanua.

Keateka mwite aje aone trei zikiwa zimepangwa, kabla ya wiki mbili kwisha, usingoje siku ya mwisho. Mwambie jirani naye apande juu aone. Akija, mkatie fungu la dania na la letisi, na kila wiki ukivuna mpelekee lake.